Mwalimu wa Mtoto Asiye na Ada

Mtu atokaye Chalinze kwenda Segera, akifika Mandera akashika mkono wa kulia, huingia njia iendayo Miono, na akizidi kuifuata humfikisha Saadani, pwani. Miono yenyewe haina bahari. Ni bara ya Bagamoyo, nchi ya Wazigua na jirani zao Wadoe na Wakwere, watu wa jembe. Na katika miaka ya karibuni wafugaji nao wameingia pande hizo na ng'ombe wao, wakitafuta malisho na maji. Tangu mwaka 2015 Miono imo katika Halmashauri ya Chalinze, walakini wilaya ni ile ile ya Bagamoyo, na udugu haukukatwa na mpaka wa ofisi.

Twaitaja Miono kwa sababu jambo tunalotaka kulizungumza mwezi huu huonekana wazi zaidi mahali kama hapo kuliko mjini. Mjini mwalimu ana watu: kuna wafadhili, kuna misikiti mikubwa, kuna wazazi wenye mishahara. Katika bara mwalimu ana watoto tu. Huja kwa miguu kutoka mashambani, wengine wakati wa masika wamelowa hadi magotini, wengine hawakutia kitu tumboni tangu jana usiku. Na katika hao wamo wale ambao wazazi wao hawawezi kumpa mwalimu chochote, wala leo, wala kesho, wala wakati wa mavuno. Mwalimu anayewapokea watoto hao ndiye tunayetaka kumtaja, kwani twaona ametajwa kidogo mno.

Kila aliyelelewa Pwani anaujua utaratibu wa chuo. Mtoto hupelekwa kwa mwalimu angali mdogo, akaketi mkekani, akapewa ubao, akaanza na alifu. Akishazijua herufi huingia katika sura fupi za mwisho, kisha hupanda juzuu baada ya juzuu mpaka siku ya kuhitimu, avikwe kanzu nyeupe, watu wale pilau, na mwalimu apewe heshima yake. Kati ya alifu na pilau ile kuna ada. Kuna ada ya kuingia chuoni, na ada ndogo ya kila juma, na zawadi mtoto amalizapo juzuu. Si fedha nyingi, lakini ndizo anazoishi nazo mwalimu, kwa kuwa mwalimu wa chuo hana mshahara wa serikali wala pensheni ya uzeeni.

Basi siku ya ada ndipo watoto wanapojuana. Mwenye baba hutoa sarafu yake akaketi kwa furaha. Yatima anayelelewa na bibi yake huangalia chini. Wako wanaoanza kukosa kuja siku hiyo, kisha hukosa siku mbili, kisha huonekana wakichunga mbuzi saa za chuo, na watu husema mtoto huyu hapendi kusoma. Mara nyingi si kweli. Anapenda, lakini ameona haya, na haya ya mtoto wa miaka minane ni nzito kuliko sisi wakubwa tukumbukavyo.

Wako walimu ambao siku hiyo hutazama pembeni. Mtoto akija mikono mitupu humkalisha kama wenzake, wala hawamtaji jina. Akikosa siku mbili humwuliza bibi yake njiani, si kwa kudai, bali kwa kutaka kujua kama mtoto ni mzima. Hilo laonekana dogo. Lakini mwalimu huyo naye ana watoto nyumbani, na kibaba alichokisamehe kimetoka katika chungu chake.

Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo wafuatayo Waislamu wengi wa Pwani hii, alikuwa mtoto wa namna hiyo. Alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijria, ambao ni mwaka 767, na baba yake akafariki yeye angali mchanga. Mama yake akamchukua Makka wakaishi katika ufukara. Yasimuliwa kutoka kwake mwenyewe kwamba mama yake hakuwa na kitu cha kumpa mwalimu, na mwalimu akaridhika kumsomesha bila ada, ila awe akimsimamia watoto wengine kila atokapo. Karatasi hakuwa nazo; alikuwa akiandika elimu yake juu ya mifupa.

Twaomba msomaji asiipite habari hii upesi. Mwalimu yule hakumpa yatima sadaka mbele ya wenzake, wala hakumfukuza. Alimpa kazi yenye heshima. Mtoto aliyekuwa duni kwa mali akawa khalifa wa mwalimu, na wenzake wenye baba na mali wakamsikiliza. Alikuwa na akili ya kuona kwamba mtoto asiye na ada anahitaji vitu viwili, kusoma na kutoaibika, na akavitoa vyote kwa neno moja. Ni wangapi kati yetu wamjuao mwalimu huyo kwa jina? Elimu ya Shafi imejaa misikitini kutoka Lamu mpaka Kilwa, na aliyemfungulia mlango wa kwanza hatajwi.

Linganisha na desturi tuliyoiona mahali pengi: mtoto asiye na ada ndiye atumwaye maji na kuni na kulima shamba la mwalimu wakati wenzake wanasoma. Hatusemi watoto wasimsaidie mwalimu wao. Kumhudumia mwalimu ni katika adabu zetu za zamani, na watoto wa matajiri nao walikuwa wakifanya. Lakini kazi hiyo ikiwa fungu la maskini peke yao, na ikiwa yafanywa saa ya kusoma, basi huyo hakupokewa chuoni, amepata utumishi.

Na tukitaja utumishi, hatuna haja ya kwenda Makka kutafuta mfano. Uko Bagamoyo. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara. Pembe na watu walishuka hapo kutoka bara, na katika watu hao wengi walikuwa watoto. Mmoja wao alitekwa Umanyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Aliletwa Bagamoyo akawa mtumwa wa Amir bin Suleiman al-Lamki, Mwarabu tajiri wa mji huo. Jina lake katika Uislamu likawa Yahya bin Abdallah. Huyo bin Abdallah, kama wajuavyo wazee, ndilo jina walilopewa wengi wasiokuwa na nasaba ya kutaja.

Katika mji ule ule alioletwa kama mali, mtoto huyu alipata kusoma. Akashika Kurani na elimu ya dini, akafungua chuo chake mwenyewe, na mwishowe akawa khalifa wa Tarika ya Kadiria, ambaye watu wa Pwani na bara wanamjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Bagamoyo ikawa kitovu cha tarika hiyo katika Tanganyika nzima. Sheria ya kuufuta utumwa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Yaani kabla sheria haijatamka kwamba hakuna tena mtumwa katika nchi, alikuwapo Bagamoyo mtu aliyeletwa mtumwa ambaye waungwana walikuwa wakiketi mbele yake kusoma. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Sheikh Muhammad Ramiya akaishika kazi yake.

Watu humtaja Sheikh Ramiya kwa uchaji wake na kwa maulidi yaliyokuwa yakiwakusanya watu kutoka mbali. Sisi twataka kumtazama kabla ya hayo, akiwa bado mtoto wa Kimanyema asiyeijua lugha ya mji, ameketi mkekani na ubao mapajani. Mtu fulani alikubali aketi pale. Siku zile jambo hilo halikuwa la kawaida sana, kwa kuwa wako walioiona elimu kuwa pambo la waungwana, na mtumwa akimjua Mungu wake kwa kadiri ya kusali yamtosha. Tusione haya kusema pia kwamba mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa wakiwanunua watoto watumwa na kuwasomesha katika kijiji chao. Wengine waliona thamani ya watoto wale mapema. Na katika Waislamu waliokuwa wameiona, malipo yao yalikuwa lawama.

Hayo ya lawama yalidhihiri zaidi Lamu. Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilleil, ajulikanaye kwa jina la Habib Saleh, alitoka Ngazija akakaa Lamu, akaanza kuwasomesha watu ambao wakuu wa mji hawakuwahesabu: watumwa, watoto wa watumwa, wageni na maskini. Alikuwa Sharifu, angaliweza kuketi na wakubwa akaheshimiwa bila taabu. Badala yake aliketi na wale wa Langoni, na mwanzoni mwa karne ya 20 msikiti wake wa Riyadha ukasimama huko huko. Wenye mji walimnung'unikia kwa mengi, hata matwari ya maulidi yake yaliwakera. Lakini mtu akisoma khabari zile kwa makini ataona kwamba kilichowauma khasa ni kuona elimu ikigawiwa bila kuuliza mtu ni wa nani. Leo Riyadha inajulikana Afrika Mashariki nzima, na wanafunzi wake wamefungua vyuo mpaka vijiji vya mbali.

Hapa tufike kwenye neno linalosumbua nyumba nyingi. Hunenwa kwamba mwalimu wa dini anayetaka malipo ameiuza aya ya Mungu. Wanaosema hivyo hutoa dalili ya Ubada bin Samit, aliyewasomesha maskini wa Suffa waliokuwa wakikaa katika msikiti wa Mtume (s.a.w.). Mmoja wao alimpa upinde kuwa zawadi, na Mtume akamwonya kwa maneno makali asiupokee. Ni kweli hadithi hiyo imepokewa. Lakini imepokewa pia katika Bukhari kwamba masahaba walimsomea Fatiha mtu aliyeumwa na mdudu wakapewa kondoo, na Mtume akawakubalia, akasema kwamba Kitabu cha Mungu ni katika vitu vinavyostahiki zaidi kuchukuliwa ujira. Maulamaa wa Kishafi wameshika kwamba ujira wa kumsomesha mtu Kurani ni halali. Wengine wameifasiri habari ya upinde kuwa Ubada alikuwa amekwisha nuia kazi ile kwa ajili ya Mungu tu, na waliomzunguka walikuwa mafukara.

Na iko habari ya Badri, ambayo kwetu ina uzito wake. Vita vilipokwisha, mateka wa Makka walitakiwa fidia, na mwenye mali alitozwa mpaka dirhamu 4,000. Asiyekuwa na mali lakini anajua kuandika aliambiwa awafundishe watoto kumi wa Madina, wakishajua awe huru. Yasimuliwa kwamba katika watoto waliojifunza hapo alikuwamo Zaid bin Thabit, kijana yatima, ambaye baadaye Sayyidna Abubakar alimtwika kazi ya kuikusanya Kurani. Basi Mtume alipotaka kupima thamani ya kuwafundisha watoto kumi kusoma na kuandika, aliipima kwa uhuru wa mtu mzima. Mwenye kuona kwamba mwalimu wa Miono anadai kingi akidai kilo ya sukari, na aufikiri mzani huo.

Mpaka hapa tumesema habari za chuo, lakini mtoto yule yule akitoka chuoni huenda shule, na huko nako wako walimu wa kutajwa. Wasomaji wenye umri wanakumbuka Azimio la Musoma la mwaka 1974, na mwaka 1977 ambapo nchi ilikusudia kila mtoto aingie darasa la kwanza. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa vijijini mwao, wakawa wanafundisha huku wao wenyewe wanajifunza ualimu kwa masomo ya posta na redio na kwa wakufunzi waliowazungukia. Mjini walichekwa. U.P.E., iliyokuwa na maana ya elimu ya msingi kwa wote, ikageuzwa ikasemwa kuwa ni Ualimu Pasipo Elimu. Mzaha huo una ukweli ndani yake. Elimu yao ilikuwa fupi, na madarasa yalijaa kupita kiasi. Lakini waliocheka hawakwenda kufundisha katika vijiji vile. Walikwenda vijana wale, na mtoto wa mkulima ambaye baba yake hakupata kushika kalamu akashika kalamu.

Januari 2016 ada iliondolewa shule za serikali mpaka kidato cha nne. Hilo ni jambo kubwa, na lapasa kushukuriwa. Walakini sare haikuondolewa, wala viatu, wala daftari, wala njaa ya saa saba mchana. Mwalimu anayeweka kalamu za akiba mezani kwake, amwonaye mtoto wa mfugaji amerudi baada ya miezi miwili ya kuhama na ng'ombe akamwanzishia pale alipoachia, huyo bado analipa ada ya mtoto kutoka mfukoni mwake. Kadhalika mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa kupata mimba wanaweza kurudi shuleni. Tangazo hutolewa siku moja. Kumkalisha msichana huyo darasani kila asubuhi, wenzake wakinong'ona na jirani wakimsengenya mama yake, ni kazi ya mwalimu, tena mara nyingi ya mwalimu wa kike, ambaye naye husengenywa kwa kumtetea.

Wamebaki watoto ambao chuoni na shuleni huonekana kwa nadra: kipofu, kiziwi, asiyeweza kutembea, na yule mwenye akili ya polepole. Hawa wengi wao hatuwaoni kwa sababu tumewaficha nyumbani. Baba husema anamwonea huruma, lakini ukichunguza ni aibu tu aliyoivika nguo ya huruma. Yatosha kukumbuka Sura ya Abasa. Mtume alikuwa akizungumza na wakuu wa Kikureshi, akitumai wasilimu, akaja Abdallah bin Ummi Maktum, kipofu, akitaka afundishwe. Mtume akakunja uso. Wahyi ukashuka kumnasihi kwa ajili ya kipofu huyo, nasi twausoma mpaka leo katika sala. Baadaye Ibn Ummi Maktum alikuwa mwadhini wa Madina, na Mtume alipokuwa akitoka safari alimwachia mji zaidi ya mara moja.

Mwalimu mwenye watoto arubaini akaja wa arubaini na moja asiyeona, hakuna atakayemlaumu akisema siwezi. Anayesema lete, akamketisha karibu yake amsomee kwa sikio aya moja moja mpaka aihifadhi, huchelewa na wale arubaini, na wazazi wao humlalamikia. Kiziwi ni mgumu zaidi, maana chuo chetu chote ni sauti. Hapo mwalimu hana budi kutafuta wajuao lugha ya alama ajifunze yeye kwanza, ukubwani, akosee mbele ya watoto. Wako wanaofanya hivyo. Na wapo pia, lazima tuseme, walimu ambao fimbo ndiyo lugha yao kwa mtoto mzito wa kufahamu, na wazazi wanaowapa ruhusa kwa lile neno la kale, nyama yako, mifupa yangu. Mtoto huyo akipigwa kwa asichokiweza hajifunzi herufi, hujifunza kutoroka.

Sasa shukrani. Twaijua shukrani ya midomo: mwalimu husifiwa msikitini, huombewa dua, na akifa husemwa mengi mazuri kwenye matanga. Wakati huo huo paa la chuo lake lilikuwa likivuja masika tatu mfululizo. Kwa fikira zetu, jambo la kwanza ni kuiondoa ada mikononi mwa mtoto. Sarafu apewayo mtoto aipeleke kila juma ndiyo inayowatenga wenye baba na wasio na baba. Wenye nyumba wangeweza kuichukua wao, kwa mtaa au kitongoji, na kwa kitu kipatikanacho shambani.

Hesabu yake si ngumu. Nyumba thelathini zikitoa kila moja kilo tatu za mahindi kwa mwezi, ni kilo 90, karibu gunia zima. Nyumba isiyo na mahindi itoe muhogo, au kazi ya siku moja ya kuezeka. Nyumba isiyo na kitu kabisa isiulizwe. Mzee mmoja mwaminifu akusanye na kuandika, ampelekee mwalimu nyumbani mwisho wa mwezi, mbali na macho ya watoto. Chuo kikiendeshwa hivyo, siku ya ada haitakuwapo tena. Asubuhi ya siku hiyo watoto wote wataketi mkekani sawasawa, na mwalimu mwenyewe hatakuwa na njia ya kujua ni yupi aliyekuja mikono mitupu.